Vumbi la Mfuko wa Mashine

Mashine yangu ya kusaga ina mfuko wa kitambaa, mrefu kama mguu wa suruali, umefungwa kwenye bomba kwa mpira. Unga ukitoka kwenye nyundo za chuma zinazousaga unapita humo ndani kwanza, ndipo unadondoka kwenye beseni la mteja. Bila mfuko chumba kizima kingejaa vumbi, na mimi ningekuwa nimeshamaliza mapafu. Mteja akichukua unga wake akaenda zake, kitambaa hubaki kimeshika kiasi fulani, vijiko viwili vitatu, ambacho hakishuki mpaka uupige mfuko kwa fimbo. Hicho ni cha msagaji. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mwenye mashine anaijua, kila mteja anaijua, na hakuna anayeigombania. Cha pilipili nilipeleka jikoni kwangu, cha tangawizi nilitia kwenye chai. Kwa miaka kumi na sita sikununua kiungo hata kimoja.

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani niliiba. Baadaye wapo walioniita mwizi, na afadhali ningekuwa mwizi.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kupuliza rangi kwenye magari. Jina lake lilikuwa limeshasahaulika. Watu wote walimwita Msasa, kwa sababu ya viganja vyake, ambavyo ukimpa mkono ulihisi umekwaruzwa. Mama alituacha yeye akiwa na miaka sita, mimi kumi na tano. Nilimlea kwa kijiko na kwa kofi. Alikua, akaota ndevu, akaoa, akapata mtoto wa kike, lakini nikimwambia kaa, alikaa. Nikimwambia kula, alikula bila kuuliza ni nini. Nilipenda hivyo, sitaki kudanganya.

Mwaka jana alianza kuchoka. Mtu aliyekuwa akibeba mlango wa gari peke yake akawa anakaa chini kila baada ya nusu saa. Mkewe, wifi yangu, akampeleka kliniki. Walimtoa damu, wakasema ini limevimba kidogo: ni mvuke wa rangi na thina aliouvuta miaka kumi bila barakoa, na ni bia za kila jioni. Daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, aliwaandikia karatasi. Pombe aache kabisa, hata tone asiguse. Kazini avae barakoa. Ale mboga za majani, maharage, samaki, matunda. Mafuta na sukari apunguze. Anywe maji, alale vya kutosha. Arudi baada ya miezi mitatu. Mwisho aliandika maneno mengine, akayapigia mstari: asitumie dawa yoyote bila kutuambia.

"Dawa ziko wapi?" nilimwuliza wifi aliponionyesha ile karatasi.

"Hakuna dawa, wifi. Amesema ini likipumzishwa linajitengeneza lenyewe."

"Linajitengeneza lenyewe! Basi na mashine yangu ikifa niilaze kitandani, kesho niikute inanguruma."

Msasa alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi hakucheka. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mtu wa utaratibu, anayepanga viatu vya watoto mlangoni kwa ukubwa. Aliibandika karatasi ukutani jikoni, usawa wa macho, na kuanzia siku ile akawa anapika kwa kuifuata mstari kwa mstari. Nilimpachika jina la Mama Karatasi, na nilimwita hivyo mbele ya mumewe.

Lililonikera ni kwamba walimrudisha nyumbani na maneno matupu. Mimi nimelelewa kuamini kwamba dawa ni lazima ikukunje uso. Maharage na papai ni chakula. Ataponaje kwa chakula? Ini limejaa sumu, nikajiambia, na sumu haitoki kwa kubembelezwa. Inataka kitu cha kuisukuma nje.

Na kitu hicho kilikuwa kinapita kwenye mashine yangu kila Jumatatu.

Kulikuwa na mteja wangu mmoja, mwuza dawa za miti, mwanamume mnene wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Tulimwita Bwana Mizizi. Kila Jumatatu asubuhi alileta gunia la majani makavu yaliyochanganywa na vipande vya mzizi, ameshapima mwenyewe huko kwake, nami namsagia vyote pamoja. Ilikuwa dawa ya kusafisha ini. Hakumtajia mtu jina la jani wala la mzizi. Lakini niliwahi kumsikia akiwaelekeza watu pale nje: kijiko kimoja cha chai asubuhi, kimoja jioni, kwenye uji au maji ya moto. Niliwaona watu waliokuja wanaburuta miguu wakirudi wanatembea. Niliwaona, au niliona nilichotaka kuona.

Basi Jumatatu moja, Bwana Mizizi alipoondoka na madebe yake, niliupiga mfuko kwa fimbo juu ya gazeti. Likashuka vumbi laini, jeupejeupe, vijiko vya chai kama ishirini hivi, jingi kuliko kawaida. Nikaliweka kwenye kopo safi na kulifunga, na kila Jumatatu iliyofuata nikalijaza tena. Sikumwuliza kitu. Ningemwuliza, ningeonekana naombaomba dawa kwa mtu anayeishi kwa kuiuza, na mimi si mtu wa kuombaomba.

Msasa aliinywa siku hiyohiyo. Alikunja uso, akatoa ulimi nje kama mtoto.

"Dada, hii inaua mende."

"Inaua ulevi wako. Meza."

Akameza. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Wifi, karatasi inasema tuwaambie kliniki."

"Tuwaambie nini? Majani? Na mchicha utauripoti?"

Akarudi kwenye vyombo vyake. Nilikuwa na ulimi, yeye alikuwa na heshima, na hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yetu kubwa.

Mwezi wa kwanza Msasa alipata nafuu kweli. Rangi ya uso ikarudi, akawa anaamka mapema, akaanza tena utani wake wa kijinga. Alikuwa ameacha bia. Alikuwa anavaa barakoa. Alikuwa anakula mboga mara mbili kwa siku na kulala kwa saa nane nzima. Lakini nani alipata sifa? Mimi. Nilijipiga kifua mtaa mzima. Nilimwambia hata mshona viatu wa jirani kwamba hospitali walishindwa, nimeweza mimi na kopo langu. Na kwa kuwa kilichofaa kidogo nilidhani kikizidi kitafaa zaidi, nikaongeza kijiko cha mchana.

Mwezi wa pili akaanza kujikuna. Alijikuna mikono, miguu, mgongo, mpaka shuka zikawa na madoa ya damu. Nikasema ni sumu inatoka kwenye ngozi. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Nikasema ni sumu inatoka kwenye figo. Kila dalili mbaya nilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilisema aendelee. Siku macho yalipogeuka manjano, wifi hakuniuliza tena. Alimfunga mtoto mgongoni, akamshika mumewe mkono, akampeleka hospitali. Mimi nilipewa habari wakiwa wameshampa kitanda.

Nilipofika, daktari yuleyule mwembamba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akisoma majibu. Alionekana hana raha.

"Ini limeharibika ghafla," alisema. "Miezi miwili iliyopita halikuwa hivi. Lazima kuna kitu kimeliumiza. Amerudia pombe?"

"Hapana," wifi alisema. "Hata tone."

"Kuna dawa yoyote ametumia? Vidonge, miti shamba, unga wa kusafisha tumbo, chochote? Simgombezi mtu. Nataka kujua tu."

Wifi alivuta pumzi na kufungua mdomo. Nilimwona. Msasa alikuwa amefumba macho.

"Hajatumia kitu," nikasema mimi. "Anakula alichoandikiwa tu."

Daktari aliniangalia, akamwangalia wifi. Wifi alifunga mdomo, akainama kumfunika mtoto miguu. Daktari akaandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Nimetafuta sababu kubwa, yenye uzito, ya kumweleza mtu akanielewa. Sijaipata. Niliona haya kugombezwa na kijana mdogo mbele ya wifi yangu, ambaye nilikuwa nimemcheka kwa ajili ya karatasi yake. Ni hilo tu.

Na sikuishia hapo. Niliamini bado kwamba dawa haijapata muda wa kutosha. Kila asubuhi kabla ya kufungua mashine nilipika uji, nikatia vijiko viwili vya kopo, nikaukoroga, nikaufunga kwenye chupa ya chai na kumpa wifi apeleke wodini. Wauguzi walimwekea dripu mkononi, nami nikamwekea yangu tumboni. Wao walikuwa wanahangaika kujua ini linaungua kwa nini, na mimi nilikuwa nachochea. Siku tisa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatatu. Bwana Mizizi alikuja na gunia lake kama kawaida. Nilimsagia bila hata salamu ya maana, naye akaniuliza kulikoni.

"Mdogo wangu amelazwa. Ini."

"Pole sana! Mbona hukuniambia? Ningekupa dawa."

"Anaitumia dawa yako. Muda mrefu sasa."

Alishtuka. "Amenunua kwa nani? Mimi simkumbuki."

Hapo nikaona hakuna cha kuficha. Nikamwambia ni ya mfuko, ile inayobaki, haki ya msagaji. Nilisema kwa ukali kidogo, nikidhani atadai malipo yake. Hakudai. Aliweka debe chini polepole.

"Ya mfuko? Ulimpa kijiko kizima?"

"Vitatu kwa siku."

Alifungua mpira mwenyewe, akaushusha mfuko na kuukung'uta juu ya gazeti. Kisha akachota kiganja kimoja cha unga kutoka kwenye debe lake, akakiweka pembeni. Tukaviangalia vyote viwili. Cha kwenye debe kilikuwa kijani, chenye nyuzinyuzi. Cha kwenye gazeti kilikuwa vumbi jeupe, laini kama poda ya mtoto, bila hata chembe ya kijani. Alilamba ncha ya kidole, akatema mate papo hapo.

"Hii si dawa yangu," alisema. "Huu ni mzizi. Mzizi mtupu."

"Si ndiyo uliyoleta?"

"Gunia zima natia mizizi mitatu, kila mmoja kama kidole. Kazi yake ni kuamsha jani tu. Jani lina nyuzi, linadondoka kwenye beseni. Mzizi ni mkavu, ukipigwa na nyundo unakuwa moshi, unaganda kwenye kitambaa. Wewe si msagaji? Hulijui hilo?"

Nililijua. Hilo ndilo linaloniua. Kila msagaji anajua kwamba kitu kigumu na kikavu huacha vumbi zaidi kwenye mfuko kuliko kilicho laini. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Nikishika mfuko gizani naweza kukuambia umetoka kusaga nini. Nililijua kwa mikono, sikulipeleka kichwani hata siku moja.

"Mtu akinywa mzizi mtupu inakuwaje?"

"Sijui," alisema, na mara ya kwanza niliona hana uhakika na lolote, hata na hayo majani yake. "Hakuna aliyewahi kunywa."

Alifunga madebe yake haraka. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniomba nisimtaje jina hospitalini.

Nilikunja lile gazeti na vumbi lake, nikazima mashine wateja wawili wakiwa kwenye foleni, nikaenda hospitali na vumbi kichwani. Njiani nilikuwa najiambia kwamba nitamwita daktari pembeni, tuongee wawili tu. Hata wakati ule bado nilikuwa natafuta pembeni.

Hakukuwa na pembeni. Daktari alikuwa palepale miguuni pa kitanda, wifi upande wa kichwani, chupa ya chai iko wazi mezani. Msasa alikuwa amegeuka manjano mpaka kwenye kucha. Alikuwa amelala ule usingizi ambao mtu anafumbua macho na kufumba bila kukuona.

Nikampa daktari lile gazeti. Nikasema yote: mfuko, kopo, vijiko vitatu, uji wa wodini. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama ninayeagiza mkanda wa mashine, maana ningelegeza sauti kidogo tu nisingemaliza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kuongea.

"Siku aliyolazwa niliuliza," daktari alisema.

"Uliuliza."

"Mlisema hapana."

"Nilisema mimi. Wifi alitaka kusema, nikamkatiza."

Hakunigombeza. Ningempa chochote siku ile ili anigombeze. Alichukua lile gazeti kwa vidole viwili, akamwuliza wifi kama mgonjwa amekunywa ule uji leo.

"Amekunywa," wifi alisema. Hakuwa analia; alikuwa ameshapita huko. "Juzi na jana niliumwaga chooni, nikampikia wa kwangu. Leo asubuhi akaniuliza mbona uji siku hizi hauna uchungu. Nikamwambia ukweli kwamba naumwaga. Akakasirika. Akanishika mkono, akasema, 'Dada hajawahi kunipa kitu kibaya tangu nikiwa na miaka sita.' Akakataa kula. Nikampa."

Nilishika chuma cha kitanda. Nilimwuliza daktari kama ningesema siku ile ya kwanza ingekuwaje.

"Ini lilikuwa bado lina nguvu siku ile," alisema. "Sasa tutaacha kila kitu na kungoja. Sitaki kukuahidi."

Akaondoka na gazeti kwenda kupiga simu. Kwenye kiganja changu kulikuwa kumebaki vumbi kidogo, jeupe, limeingia kwenye mistari ya mkono. Msasa akafumbua macho wakati huo. Safari hii aliniona. Aliuona na mkono wangu, akajiinua kwa kiwiko, akafungua mdomo, kama alivyokuwa akifungua nilipokuwa namlisha.

"Umeniletea, dada?"

Nilifuta kiganja kwenye gauni. Nikakaa kitandani, nikamwambia. Sikujua namna ya kumwambia mtu jambo kama hilo, kwa hiyo nilimwambia kama lilivyo: kwamba sikumpa dawa, nilimpa mzizi ambao hakuna anayeujua, kwamba ndio uliomwumiza, si rangi wala bia, kwamba daktari aliniuliza nikadanganya. Nikamwambia mke wake alikuwa sahihi tangu mwanzo. Alisikiliza, macho yake ya manjano yakinitazama, na sikujua ni kiasi gani kinamfikia.

Akafumba macho. Nikadhani amelala tena.

"Wateja umewaambia?" aliuliza.

"Nani?"

"Wateja wa mashine."

"Bado. Nimemwambia daktari."

"Daktari sawa." Alipumzika kidogo, akavuta pumzi. "Wateja usiwaambie. Watakukimbia. Utakula nini?"

Wifi alitoka nje. Nilimsikia akilia ukutani, upande wa pili wa mlango, na sikuwa na haki ya kumfuata.

Alifariki siku ya nne, saa saba mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Wateja niliwaambia wote, mmoja mmoja, kila aliyeleta kitu cha kusaga, na wengi hawajarudi.